Rubani Aliyekubeba Jana Amelala Wapi?

Mtoto akiulizwa darasani atafanya kazi gani ukubwani, majibu hayazidi matatu manne: daktari, mwalimu, askari, rubani. Hilo la rubani ndilo linalomfanya mzazi atabasamu zaidi. Na si ajabu. Nani asiyependa kumwona mwanawe katika shati jeupe lenye tepe mabegani, mkoba mkononi, akipita mbele ya abiria waliopanga foleni kiwanjani, na kila jicho likimfuata?

Lakini, ndugu msomaji, ni mara ngapi umemtazama kijana huyo ukajiuliza yale ambayo kila siku unajiuliza juu ya dereva wa basi la kwenda mkoani? Usiku wa jana amelala saa ngapi? Amelala wapi? Mshahara wake unamtosha kulipa kodi ya chumba? Dereva wa basi akionekana anasinzia, abiria wote hupiga kelele. Rubani tunamchukulia kama mtu asiyechoka, ambaye sare yake inamkinga na njaa na usingizi.

Makala hii inamhusu rubani mpya wa mashirika madogo ya ndege, yale yanayounganisha miji midogo na viwanja vikubwa. Tutayatazama mashirika ya Marekani. Hatufanyi hivyo kwa kuyapenda mno ya ng'ambo. Huko ndiko maisha ya rubani wa namna hii yalikoanikwa hadharani, yakafika mpaka Congress, bunge la nchi hiyo, baada ya ajali moja ya mwaka 2009. Ndege iliyoanguka ilikuwa Bombardier Dash 8 Q400 yenye pangaboi mbili, aina ile ile ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuipokea mwezi Septemba 2016, na ambayo wasomaji wetu wengi wameipanda kwenda Dodoma, Kigoma au Bukoba. Hakuna haja ya kuingiwa na hofu juu ya ndege yenyewe. Uchunguzi haukuiona kuwa na kasoro. Yaliyoonekana yalikuwa katika maisha na mafunzo ya waliokuwa wakiiendesha.

JINA LILILOPAKWA UBAVUNI

Kwanza yafaa kueleza jinsi kazi hiyo ilivyopangwa, maana bila kuielewa hutaelewa mshahara. Abiria wa Marekani hununua tiketi ya shirika kubwa: American, Delta, au United. Ndege anayoikuta kiwanjani imepakwa rangi za shirika hilo na jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Mhudumu anamkaribisha kwa jina hilo hilo. Karibu na mlango, kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye haraka hazioni, pameandikwa jina jingine: SkyWest, au Republic, au Envoy, au PSA. Hilo ndilo shirika lenye kumwajiri rubani. Shirika kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi, kisha hulilipa lile dogo kwa kazi ya kurusha.

Mashirika mengine madogo ni mali ya yale makubwa, mengine yanajitegemea, lakini mpango ni mmoja. Marubani wa mashirika makubwa, kwa kuhofia kwamba kazi yote itahamishiwa kwa wenzao wanaolipwa kidogo, wameweka katika mikataba ya vyama vyao kwamba ndege hizo ndogo zisizidi viti 76. Msomaji aliyewahi kufanya kazi kiwandani chini ya kontrakta ataelewa mara moja. Lango ni lile lile na kazi ni ile ile, ila bahasha ya mwisho wa mwezi si moja.

Shirika la Colgan Air, ambalo ndege yake ilianguka mwaka 2009, lilikuwa la namna hiyo. Abiria walikuwa wamenunua tiketi zenye jina la Continental.

SAA 1,500

Kijana wa Kimarekani anayetaka kukaa kwenye kiti cha kulia cha ndege hizo, yaani kiti cha rubani msaidizi, huanza kwa fedha zake au za mkopo. Leseni ya kwanza, ya kurusha ndege binafsi, inadai saa zisizopungua 40 angani, na wengi huhitaji zaidi. Baada yake inakuja idhini ya kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo peke yake, bila kuona ardhi. Kisha leseni ya biashara, ambayo kwa kawaida hutaka saa 250. Hadi hapo familia imekwisha kutumia dola 100,000 hivi, na ni wachache wenye fedha hizo mfukoni. Wengine hukopa kwa dhamana ya nyumba ya wazazi.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kijana mwenye leseni hiyo ya biashara aliweza kuajiriwa na shirika la abiria papo hapo. Tangu mwaka 2013 haiwezekani. Rubani msaidizi naye lazima awe na leseni ya daraja la juu kabisa, na leseni hiyo inadai saa 1,500. Waliotoka jeshini wamepunguziwa hadi 750, wenye shahada ya chuo kikuu ya mambo ya urubani hadi 1,000, na wenye stashahada hadi 1,250. Katika nchi nyingi zinazofuata kanuni za kimataifa, mtu huingia kiti cha kulia akiwa na saa 200 na ushei. Wamarekani wamejitenga katika jambo hili, na sababu yake tutaiona.

Sasa saa hizo zaidi ya 1,000 zinazobaki zitapatikana wapi? Wengi huzipata kwa kufundisha. Mwanafunzi wa jana anageuka mwalimu wa leo, anakaa kando ya mwanafunzi mwingine ndani ya ndege ndogo ya injini moja, wakizunguka kiwanja kile kile, kupaa na kutua, kupaa na kutua, kwa malipo ambayo mara nyingi hayafiki ya fundi seremala. Wengine huvuta mabango ya matangazo juu ya fukwe wakati wa kiangazi, au huwapandisha watu wanaoruka kwa miavuli, au hufuata mabomba ya mafuta wakikagua kama yanavuja. Mwaka unapita, wakati mwingine miwili, na riba ya mkopo haisubiri.

Siku ya kuajiriwa ikifika, masomo ndipo yanapoanza upya. Shirika humweka katika hoteli karibu na chuo chake, na kwa muda wa miezi miwili au mitatu kijana hana maisha mengine. Wiki za kwanza ni za darasani: sheria za anga, taratibu za shirika, umeme wa ndege, mafuta, mfumo wa kuyeyusha barafu, breki, hewa ya ndani. Mitihani huulizwa kwa mdomo, ana kwa ana, na mkaguzi anaweza kukaa nawe saa mbili akikuhoji juu ya swichi moja. Jioni, wanafunzi hubandika ukutani mwa chumba cha hoteli picha kubwa ya karatasi yenye vyombo vyote vya rubani, wakakaa mbele yake kwenye viti viwili na kugusa karatasi kwa mpangilio, wakitamka maneno wanayopaswa kutamka. Mhudumu wa usafi akifungua mlango ghafla huwaona vijana wawili wazima wakiongea na ukuta.

Baada ya hapo wanaingia kwenye simuleta. Hiki ni chumba kinachosimama juu ya miguu ya majimaji, ndani yake kimefanana na ndege kwa kila kitu, na kinayumba na kutetemeka kama ndege. Kwa kuwa mtambo huo ni wa ghali haulali, na mwanafunzi mgeni anaweza kupangiwa zamu ya saa nane usiku. Humo ndimo injini huzimwa kwa makusudi wakati ndege inakaribia kuinuka, moshi hujazwa, breki hukataa. Wenye uzoefu husema kuwa kupoteza injini wakati wa kupaa, zoezi linaloogopwa kuliko yote, hatimaye huwa kama kuendesha baiskeli, kwa kuwa hurudiwa mpaka mguu unajua la kufanya kabla ya akili.

Akifaulu, rubani mpya hupelekwa kwenye ndege ya kweli yenye abiria wa kweli. Pembeni yake anakaa rubani mkuu mwenye idhini ya kufundisha, kwa saa zisizopungua 25 katika ndege za jeti. Abiria hawaambiwi. Kisha anatakiwa atimize saa 100 ndani ya siku 120, ili aliyofundishwa yashike kabla hayajapoa.

ZAMU YA AKIBA

Tukifika hapa wengi hudhani taabu zimekwisha. Katika mashirika ya ndege ya Marekani kila kitu hugawanywa kwa ukongwe kazini, na ukongwe huo huhesabiwa tangu siku ya kuajiriwa. Rubani wa kwanza kwenye orodha huchagua safari, kituo, likizo, sikukuu. Wa pili huchagua katika yaliyobaki. Mgeni ndiye wa mwisho, na kinachobaki kwake ni kituo ambacho hakuna anayekitaka, Krismasi kazini, na zamu ya akiba.

Zamu ya akiba maana yake ni kusubiri. Rubani hana safari iliyopangwa, ila simu ikilia anapaswa kufika kiwanjani katika muda mfupi, mara nyingi saa mbili. Kwa hiyo ni lazima awe karibu na kiwanja. Na ikiwa kituo chake ni New York, mji ambao chumba kimoja kinameza mshahara mzima, basi anafanya kama wafanyavyo vijana wa mjini kila mahali: anachangia. Ziko nyumba karibu na viwanja vikubwa ambamo marubani na wahudumu wanane, kumi, wakati mwingine zaidi, hukodi vitanda. Anayeondoka hukunja shuka zake, anayeingia hutandika zake. Makwao wenyewe ni miji mingine, pengine mwendo wa saa tano kwa ndege, na hutoka huko kwenda kazini kwa kuomba nafasi iliyo tupu katika ndege za wenzao. Nafasi isipopatikana, husubiri inayofuata. Muda huo wa kwenda kazini hauhesabiwi kuwa kazi.

Tena kuna jambo la malipo, ambalo abiria wengi hawalijui. Rubani hulipwa kwa saa ya kuruka, na saa hiyo huanza kuhesabiwa mlango ukifungwa na ndege ikiondoka ilipoegeshwa, ikaisha inapowasili na kusimama. Asubuhi kabla abiria hujafika, rubani msaidizi amezunguka ndege kwa tochi kwenye theluji akitazama matairi, mabawa, pangaboi, akiangalia kama kuna mafuta yanayodondoka. Muda huo haumo. Ndege ikichelewa saa tatu kwa ajili ya dhoruba na marubani wamekaa ukumbini pamoja na abiria wenye hasira, muda huo nao haumo, isipokuwa posho ndogo ya chakula. Kuna kima cha chini cha saa 75 hivi kwa mwezi anazohakikishiwa. Miaka ya 2000, rubani msaidizi mpya alilipwa kiasi cha dola 20 kwa saa. Zidisha mwenyewe, msomaji: ni dola 18,000 kwa mwaka, kabla ya kodi, kwa mtu mwenye deni la dola 100,000.

USIKU WA TAREHE 12 FEBRUARI

Ndege ya Colgan nambari 3407 iliondoka Newark, karibu na New York, saa tatu na dakika kumi na nane usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ikiwa imechelewa sana kwa sababu ya upepo mkali. Ilikuwa ikienda Buffalo. Ndani mlikuwa na watu 49.

Rubani msaidizi alikuwa mwanamke wa miaka 24. Kituo chake kilikuwa Newark, lakini alikuwa akiishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili kabisa wa nchi. Mshahara wake wa mwaka, kama ilivyoelezwa baadaye mbele ya wachunguzi, ulikuwa kiasi cha dola 16,000, na kabla ya kuhamishiwa Newark aliwahi kuongeza kipato kwa kuuza kahawa dukani. Usiku wa kuamkia safari aliutumia hewani, katika ndege za mizigo, kupitia Memphis, akafika Newark asubuhi na kupata usingizi wa vipande vipande kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Alikuwa na mafua. Kinasa sauti kilimsikia akimwambia mwenzake kwamba laiti angejisikia hivyo akiwa bado nyumbani, asingetoka. Lakini alikwisha kufika, na mtu akijitangaza mgonjwa mbali na kwao atalala wapi?

Rubani mkuu, mtu wa miaka 47, alikuwa na makazi Florida. Naye usiku ule alilala katika chumba kile kile cha wafanyakazi, jambo ambalo kampuni ilikuwa imelikataza. Saa tisa na dakika kumi za usiku rekodi zinamwonyesha akiwa kwenye kompyuta ya kampuni.

Wakikaribia Buffalo kulikuwa na barafu kidogo mabawani, si ya kutisha. Waliongea mambo yasiyohusu kazi katika kimo ambacho sheria inakataza maongezi hayo, na mwendo wa ndege ukapungua bila wao kugundua. Ndege ikipungukiwa mwendo kupita kiasi, bawa hupoteza uwezo wa kuibeba. Ndiyo maana umewekwa mtambo unaoutetemesha usukani mikononi mwa rubani kumwambia: ongeza mwendo, shusha pua. Usukani ulitetemeka. Rubani mkuu, badala ya kuusukuma mbele, aliuvuta kwake. Ndege ikainua pua, ikayumba, ikadondoka juu ya nyumba katika kitongoji cha Clarence Center, kilomita chache tu kutoka kiwanjani. Wote 49 walikufa, na baba mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo. Mkewe na binti yao waliokoka.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilitoa uamuzi wake Februari 2010. Sababu iliyotajwa ni kosa la rubani mkuu katika kuupokea mtetemo ule wa usukani. Ilionekana pia kwamba alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa ya urubani maishani mwake, na mwajiri hakuijua yote. Mafunzo ya kampuni, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo, yalimfundisha rubani asipoteze kimo, na yalimzoeza mwanzo tu wa hali ile, si hali yenyewe. Kuhusu uchovu, Bodi ilisema yaelekea uliwapunguzia uwezo wote wawili, ila haikuweza kupima kwa kiasi gani. Mwenyekiti wa Bodi wakati huo, Deborah Hersman, alitaka uchovu uandikwe miongoni mwa sababu. Wenzake hawakukubali.

Mwandishi wa makala hii anakubaliana na Bi. Hersman, ingawa hakuna anayeweza kuthibitisha. Mkono uliovuta usukani ulikuwa wa mtu mmoja. Lakini watu wawili waliokosa kitanda usiku uliotangulia, mmoja mgonjwa, hawakujipeleka huko kwa uzembe wao peke yao. Kuna ratiba iliyowapangia kituo wasichoweza kukimudu, na kuna mshahara uliopangwa na watu waliolala majumbani kwao.

FAMILIA ZILIZOKATAA KUNYAMAZA

Waliofiwa wangeweza kuchukua fidia na kurudi makwao. Badala yake wengi wao, wake, waume, wazazi, ndugu, walianza kusafiri kwenda Washington, safari baada ya safari, wakiwa na picha za marehemu wao mikononi, wakakaa katika kumbi za vikao mpaka wabunge wakawajua kwa majina. Rais Barack Obama alitia saini sheria waliyoidai tarehe 1 Agosti 2010.

Sheria hiyo ndiyo iliyoleta zile saa 1,500. Iliagiza kumbukumbu za mitihani ya kila rubani ziwekwe mahali pamoja ambapo mwajiri hawezi kukwepa kuzisoma. Iliamuru muuza tiketi amwonyeshe mnunuzi tangu mwanzo jina la shirika linaloiendesha ndege hasa. Kutokana nayo zikaja kanuni mpya za mapumziko, zilizoanza kutumika Januari 2014: rubani apate saa 10 za kupumzika kabla ya kazi, na katika hizo awe na nafasi ya saa 8 za kulala bila kusumbuliwa. Na kufikia Machi 2019, kila shirika lilitakiwa liwe linawafundisha marubani wake katika simuleta kuiacha ndege ipoteze kabisa uwezo wa kubebwa na hewa, kisha waiokoe.

Mabishano juu ya saa 1,500 hayakwisha. Wapinzani husema, na si bila haki, kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamezidi idadi hiyo: mkuu alikuwa na zaidi ya saa 3,000, msaidizi zaidi ya 2,000. Kuzunguka kiwanja kimoja mara elfu, wanasema, hakumfundishi mtu kuendesha jeti mawinguni. Miji midogo imeumia. Shirika la Great Lakes, lililohudumia miji midogo ya magharibi, lilisimamisha safari zake Machi 2018 likilalamikia uhaba wa marubani. Watetezi nao hutaja jambo moja tu: tangu usiku ule wa Buffalo, karibu miaka 16 ilipita bila ndege ya abiria ya shirika la Marekani kuanguka na kuua makumi ya watu. Kipindi hicho kilikatika tarehe 29 Januari 2025, ndege ya shirika dogo la PSA ilipogongana angani na helikopta ya jeshi karibu na kiwanja cha Reagan, Washington, wakafa watu 67.

Kwa maoni yetu, kanuni ya kulala imefanya kazi kubwa kuliko inavyosifiwa, na hesabu ya saa imesifiwa kuliko inavyostahili. Lakini hesabu hiyo ilifanya jambo moja ambalo waliotunga sheria labda hawakulikusudia. Ilipunguza idadi ya vijana walio tayari kuajiriwa. Wakati wa janga la Korona mwaka 2020 mashirika makubwa yaliwastaafisha marubani wengi mapema. Abiria waliporudi, yaliwanyakua wale wa mashirika madogo. Ndege zikakaa chini kwa kukosa wa kuzirusha. Hapo, mwezi Juni 2022, mashirika madogo ya American yakapandisha malipo ya rubani msaidizi mpya hadi kiasi cha dola 90 kwa saa, na mengine yakalazimika kufuata. Ajali ya watu 50 haikuupandisha mshahara. Uhaba ulifanya hivyo katika majuma machache.

Ni vizuri mzazi ajue pia kwamba mlango huo hufunguka na kufungwa. Mwaka 2024 kasi ya kuajiri ilipungua tena. Shirika likifa, kama yalivyokufa Compass, Trans States na ExpressJet mwaka 2020, rubani mwenye miaka 15 ya ukongwe huanza upya mkiani mwa orodha ya shirika jingine. Na kijana wa kwetu anayepelekwa Marekani kusomea urubani kwa ruhusa ya masomo tu hawezi kuajiriwa na mashirika hayo kwa ruhusa hiyo. Atarudi na saa 250 na ushei, na ni hapa nyumbani atakapotafuta kiti cha kulia. Wazazi wengi wamepeleka watoto nje bila kuuliza swali hilo. Wale wa zamani waliopitia chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, angalau walikuwa karibu na kwao. Muulize mwenye chuo, kabla ya kulipa hata shilingi, mwanao ataziongeza saa zake wapi na kwa malipo ya nani; na akishapata kazi, muulize mwanao mwenyewe anakolala kabla ya zamu.

Mwaka 2023 Congress ilipokuwa ikiijadili upya sheria ya usafiri wa anga, lilizuka pendekezo la kuhesabu saa nyingi zaidi za simuleta ndani ya zile 1,500, na jingine la kusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 65 hadi 67. Familia za Buffalo, wengine sasa wakiwa wazee, zilirudi Washington. Sheria mpya ilitiwa saini tarehe 16 Mei 2024. Saa 1,500 hazikuguswa, na umri wa kustaafu ulibaki 65.